Kifaru cha Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Namshukuru Mungu kwa akili alizonipa. Wengine wamenyimwa kabisa.

Jumapili tunatoka hapa Pasua kupanda Kibosho, kumposa Justina. Baba yake, Mzee Rogath, hanipendi. Amemwambia binti yake kwamba mwanamume anayekata makopo atengeneze vigari vya jeshi si mwanamume, ni mtoto aliyeota ndevu. Sawa. Lakini mzee mwenyewe alikwenda vita vya Kagera, na kila akinywa husimulia jinsi gari lake lilivyonasa matopeni. Basi namtengenezea kifaru chake! Cha bati, minyororo ya ndara, mzinga wa kalamu. Atakiona, atalia, atanipa binti. Nani atashindwa hapo?

Jumanne, 6 Agosti

Kifaru tayari, bado wavu wa kufunika injini kwa nyuma. Nikakata wavu wa mbu wa dirishani kwangu, nikabandika. Mara akapita Eliufoo, jirani anayejidai fundi kwa sababu vigari vyake vinanunuliwa na watalii. Akacheka mpaka akashika ukuta. Eti kwa matundu yale askari mzima angetumbukia kwenye injini pamoja na kofia yake. Eti nimemjengea mzee banda la kuku.

Mshenzi! Ila kasema kweli, namshukuru. Mbu nao wanashukuru. Usiku waliingia wote.

Alhamisi, 8 Agosti

Mama katoka kutafuta ulezi wa kupikia mbege, pombe ya posa. Nimebaki nyumbani na chujio lake. Waya laini ajabu, hata maji yanapita kwa kubembelezwa! Shangazi alimletea kutoka Holili, na haruhusiwi mtu kuligusa. Nimekata katikati, kipande cha ukubwa wa kiberiti tu. Pengo nimeliziba kwa ule wavu wa dirisha, nikashona kwa uzi wa viatu. Huwezi kujua, kama huangalii.

Na kifaru sasa! Machozi yalinilengalenga. Asante Mungu kwa kunipa mama mwenye vyombo bora.

Jumamosi, 10 Agosti

Mama kachuja mbege. Jikoni moshi ulikuwa mwingi, nami nilimwimbia nyimbo za kanisani ili asiangalie chini. Kasema nina moyo mzuri. Nimekubali.

Nimeonja. Kuna vitu vinaelea. Mimi naviita lishe.

Jumapili, 11 Agosti

Siku gani hii! Baba Mdogo Mathew, msemaji wetu, akamkabidhi mzee kata ya mbege kama ilivyo desturi. Mzee akanywa. Akatafuna. Jamani, mbege haitafunwi! Makapi yakamning'inia kwenye sharubu. Shangazi yake Justina akauliza kama kwetu tunachujia vidole. Mama, maskini, alitamani ardhi ipasuke. Justina akanitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena. Nikajua mchumba kanitoka.

Nikachomoa kifaru haraka haraka. Mzee akakigeuza nyuma, akapapasa wavu, akauliza hili ni chujio la nani. Mama akaruka! Akasema mbele ya wakwe kwamba tukifika nyumbani nitamtambua.

Kisha mzee akasema hajawahi kuingia ndani ya kifaru maishani mwake. Jeshini aliendesha lori la maharage. Lori ndilo lililonasa.

Nilitaka kulia, lakini aliyelia ni yeye! Kasema tangu arudi kutoka vitani hakuna aliyemtengenezea hata baiskeli ya waya, na leo kuna mtu kakata chujio la mama yake kwa ajili yake. Kasema mtu huyo ni mjinga, ila kuanzia leo ni mjinga wake. Akamaliza kata yote, pamoja na makapi.

Justina ni wangu! Nampenda mzee yule, nasema wazi. Nilimpigia magoti, nikampa shikamoo mpaka akachoka kuitikia marahaba. Nikamwapia Mama kwamba sigusi tena chombo cha mtu. Nashukuru, nashukuru, nashukuru.

Jumamosi, 24 Agosti

Namtengenezea baba mkwe lori lake, nimkabidhi siku ya harusi. Maharage nimeweka punje za ulezi. Umebaki wavu wa rejeta, pale mbele panapopoza injini. Lori ni dogo kuliko kifaru, kila waya unaonekana mnene. Eliufoo kasema wavu mwembamba namna hiyo haupo Moshi nzima.

Leo asubuhi Justina kaleta shela lake la harusi, kaliacha kwetu Mama alipige pasi. Nikaliinua kwenye mwanga. Mungu ni mwema! Yale matundu! Kama limefumwa kwa ajili ya rejeta.

Mama alikuwa bado sokoni. Nimekata kipande cha kiberiti tu. Mkasi uliteleza kidogo, pengo limeangukia mbele, pale panapokaa uso. Lakini Justina ana uso mzuri, acha watu wauone. Atanishukuru.