Shamba Mbili za Maharagi na Velo ya Kavugho

Siku ya kwanza ya juma, 2 aprili 2001

Nimenunua kaye, daftari. Mukubwa wa kazi lazima aandike. Mimi, Mathe Kitsa, miaka makumi saba na moja, niliacha masomo ku ya tatu primaire juu mwalimu alikuwa na wivu. Leo niko chef de centre ya Butembo! Projet ya mbolea iko na centre ine: Oicha, Beni, Butembo, Kanyabayonga. Kila centre, shamba mbili za maharagi yenye kupanda ku miti, tulizilima mwanzo wa mwezi wa tatu. A inapata mbolea ya projet, ile unga nyeupe ya mu mufuko. B hapana kitu. Madame Sophie, agronome yetu, mufundi wa kilimo, alisema: mbegu moja, siku moja, jembe moja, na B musiipatie hata kidogo. Kisha tutapima A imepita B namna gani. Chef mwenye kupita bengine atapewa velo, baiskeli mupya.

Nimeambia bibi yangu wa ndoa, Kavugho, velo ni yake. Miaka makumi ine anabeba mihogo na kamba ku kipaji mpaka soko. Shingo imekwisha. Alijibu: "Vile vile ulisema juu ya bati ya nyumba." Hana imani.

Siku ya Mungu, 8 aprili, Matawi

Haya gani hii! A iko nyuma ya nyumba, hakuna mwenye kuiona. B iko ku barabara! Kiisha misa, parokia yote ilipita pale. Majani ya B ni manjano, nyembamba kama mukia ya panya. Jirani yangu Sikuli alisimama na tawi ku mukono, akasema na sauti ya kanisa: "Muzee Mathe, maharagi yako nayo inafunga kwarezima?" Batu balicheka. Hata katekista! Nilieleza: ni recherche, majaribio ya projet, inapashwa kuwa mubaya. Sikuli akasema shamba ya mulimaji haiombake maelezo.

Babu yangu alilima mulima muzima na jembe moja. Na mimi, manjano ku barabara!

Siku ya pili, 10 aprili

Mvua kubwa muchana. Kila mutu ndani. Nilitwala mavi ya mbuzi, bitunga kumi na mbili, nikazika mu B. Kidogo tu. Nililowana kama kuku. Kavugho anauliza mavi ya mbuzi imeenda wapi. Nimesema bezi. Ni vita, banaiba kila kitu.

Siku ya tatu, 25 aprili

Siku ya foni. Kila siku ya tatu ya juma ma-centre inaongea ku foni ya parokia, ile redio ya kusemea. Kanyabayonga haikusikika. Kule kuko serikali ingine, barabara imekatwa. Fiche zao, karatasi za vipimo, zinapita na mama mumoja wa soko, chini ya viazi. Oicha wakasema basoda, ba askari, bamekula A na B, bila kupima. Kisha Bilali, chef wa Beni. Bilali! Mutu wa lori, jembe ameishika mwaka jana! Akasema A yake inafika ku kifua, B ku goti. "Na weye, Muzee Mathe? À vous!"

Batu bote banasikia. Nilisema yangu inafika ku shingo.

Bilali akauliza: shingo ya mutu ao ya kuku? Nilizima foni mwenyewe. Padri alikasirika bure.

Kweli ni hii: B imepita A. Mbali! Na Madame anakuja kupima siku ya posho, mwisho wa juma, 5 mai.

Siku ya ine, 3 mai

Akili! B lazima ikonde. Nilifungulia mbuzi ndani ya B, nikakaa ku kivuli kungojea. Usingizi. Kuamka: mbuzi iko mu A! Imekula yote, imebakisha miti tu. B haikugusa hata jani moja.

Kavugho alikuja. Akaangalia mbuzi, akaangalia B, akaniangalia. Akasema mbuzi haikulake penye mavi yake, kila mutoto anajua ile, ila chef de centre. Kisha: "Donc mwizi ni weye."

Siku ya tano, 4 mai

Akili ingine, kubwa kupita! Nimebadilisha bibao ya majina ya shamba. Kibao ya A sasa iko ku barabara, ya B iko nyuma ya nyumba. Donc shamba yenye mbolea inang'aa, shamba bila mbolea imekufa. Projet inafurahi, velo inakuja. Niliambia Kavugho atafute kamba ya kufunga muzigo nyuma ya velo. Alileta ile ya kipaji.

Siku ya posho, 5 mai

Madame alifika saa nane, hapana saa mbili. Barrière sita za basoda ku njia, kila moja na muhuri yake. Ku ya sita balichukua metre yake ya kupimia. Alipima na kamba ya kiatu. Akapima tena. Akapiga mikono: "Papa Mathe, umepita Beni!"

Velo ilikuwa juu ya gari. Niliiona! Nyekundu, na kengele. Baliiteremusha. Kavugho aliweka mukono ku kiti.

Batu balijaa ku barabara. Sikuli mbele, njo tabia yake. Akasema: "Kumbe ile unga ya bazungu njo inajua kulima! Muzee alikuwa sentinelle tu, wa kulinda shamba." Bengine bakasema njo vile.

Mutu anaweza kunyamaza. Mutu mwingine. Mimi, kinywa ilifunguka yenyewe. "Hapana! Hii haijaonja unga ya mutu! Ni mavi ya mbuzi yangu, bitunga kumi na mbili, na mukono ya Kitsa!" Nikachimbua na vidole, nikawaonyesha bote.

Sikuli alitosha kofia ku kichwa. Hiyo nimeiona, naiandika: alitosha kofia.

Madame alifunga bic yake ya kuandika. Kavugho akaondoa mukono ku velo, polepole.

Siku ya tatu, 16 mai

Foni: centre ya Butembo imetoshwa mu étude, mu ile majaribio. Velo imeenda Beni. Bilali alipiga kengele ndani ya foni, mara tatu.

Kavugho alienda soko na kamba ku kipaji. Nilitaka kubeba nusu ya mihogo. Akasema: "Acha, hii nayo utaipima."

Siku ya posho, 26 mai

Madame ni mutu muzuri. Ameniachia kazi ingine, ya centre zote: chupa ya kupima mvua. Asubui kusoma namba, kuandika, basi. "Papa Mathe, usifanye kitu. Mvua inajinyesha yenyewe." Nimeapa mbele ya padri. Nikifika mwisho bila kosa, kutakuwa velo ya pili.

Siku ya tatu, 30 mai

Foni. Beni: milimetre makumi tatu na moja. Oicha: makumi mbili na nane. Butembo: kenda.

Kenda! Bilali akauliza kama huku tunaoga na mavumbi. Beni, muji ya joto! Na sisi huku ku milima, mawingu yote ni yetu!

Kavugho anauliza naenda wapi na birika ya maji. Nimemujibu: kunawa.

Kidogo tu.