Tai Yangu, Klampu na Maombi Marefu

Leo nimeaibika huku watu wote wamefunga macho. Shida ni kwamba walikuja kuyafungua.

Mwalimu Njiru wa fizikia alitupeleka karakana moja hapa Majimbo, wanakotengeneza mageti. Ambaye angetoa shukrani mwishoni, akieleza vizuri alichojifunza, ndiye angewakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi Meru. Nikachaguliwa mimi kutoa shukrani. (Darasa letu lina uhaba wa watu.)

Fundi ni mama, anaitwa Mama Muthoni. Akatuonyesha klampu, yaani kibanio cha chuma, iliyofungwa mezani. Kitu kidogo, hata hakijazi kiganja! Akaweka bomba la geti chini ya kidole cha mpira cha klampu hiyo, akalaza mpini. Ka! Akaligonga bomba kwa nyundo. Halikutikisika. Akaniambia nilivute. Nikavuta mpaka nikaona nyota. Wapi!

"Ukilaza mpini, viungo vinanyooka, halafu vinapita mstari wa katikati kidogo tu," akasema. "Hapo vimejifunga. Bomba likivisukuma, vinazidi kukaza. Lakini kuufungua mpini, kidole kimoja kinatosha."

Nikaomba arudie. Mimi, kuomba somo lirudiwe! Wanja, jirani yangu wa dawati, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

"Lakini kitambaa haiwezi kukishika," nikamnong'oneza Wanja, wengine walipoelekea mlangoni. Nikainama, nikaingiza tai yangu ya shule, karibu kabisa na fundo (msiniulize kwa nini), nikalaza mpini. Ka!

"Tufunge kwa maombi," Mwalimu akasema. "Mama, tuombee."

Mnajua maombi ya huku kwetu. Akaanzia kwa mvua. Akapitia kahawa, mtihani, wagonjwa, hadi ng'ombe wa jirani. Mimi kidevu kiko mezani. Nikatafuta mpini. Uko chini ya kifua changu! Ili niuinue, lazima nisimame. Ili nisimame, lazima niuinue. Nikavuta kwa shingo. Klampu haikuachia hata uzi! Ngai, Mungu wangu! Nilikuwa nakabwa, na bado naistaajabia.

"Amina." Macho yakafunguka.

"Huyu kijana ameguswa na Roho," Mama Muthoni akasema kwa upole.

"Simama utoe shukrani," akasema Mwalimu.

"Mwalimu, nitatoa nikiwa hapa hapa."

Nikaishukuru meza. Nikaeleza viungo, mstari, mpini, yote, machozi yakinitoka. Hakuna aliyebaki wima kwa kicheko. Mwishowe Wanja akanisukuma bega kando, akapenyeza kidole kimoja. Tak! Nikawa huru.

Mwalimu akajipangusa macho. "Sijawahi kusikia klampu ikielezwa vizuri hivyo. Meru mtaenda wawili. Wanja ataeleza."

"Na mimi?"

"Wewe utabanwa."

Nyumbani nimesema tu kwamba nimechaguliwa. Tafadhali, asitokee mtu wa kuwaambia nimechaguliwa kuwa nini.