Nilivyolala Kwenye Jeneza la Babu

Jamani, leo nimeaibika Ngara mjini, mchana kweupe. Naandika mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Mnajua Babu yetu Simoni alifariki juzi. Mzee alikuwa mrefu yule! Maisha yake yote alilala miguu ikiwa nje ya kitanda, na baridi ikizidi Bibi aliifunika kwa koti. Kwa hiyo leo asubuhi Bibi akakataa kabisa watu waende kununua jeneza bila yeye.

"Miaka hamsini na miwili miguu yake inapigwa baridi," akasema. "Safari hii itaingia ndani."

Nikapewa mimi kazi ya kumsindikiza. Tukapanda hadi mjini, kwa fundi mmoja wa majeneza karibu na stendi. Fundi akatuonyesha moja lenye dirisha la kioo, jingine lenye vishikio vya dhahabu (dhahabu ya rangi ya kopo). Bibi hana habari na urembo. Anagonga ubao kwa vidole, anasikiliza, anaguna.

"Vipimo vya marehemu mnavyo?" fundi akauliza.

Tulikuwa tumebeba kila kitu, hata chai kwenye chupa. Vipimo hatuna! Bibi akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Nikajua nimekwisha.

"Mume wangu," akaniambia (ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, utani wa bibi na mjukuu), "wewe umechukua urefu wake wote. Vua viatu. Rara humo." (Bibi akitoa amri, herufi L humkimbia.)

"Bibi, mimi ni mwalimu, watu watanionaje..."

"Rara!"

Nikalala. Soksi ilikuwa na tundu, dole gumba lote nje. Nikanyoosha miguu. Ikaenea! Ikabaki hata nafasi ya kujigeuza. Nikafumba macho kidogo, maana vumbi la mbao lilikuwa linaniingia. Fundi akaenda nyuma kutafuta misumari.

Hapo Bibi akasogea. Nikasikia kiganja chake kwenye paji la uso wangu. Akaniweka kola vizuri.

"Hapo sasa," akasema taratibu, wala hakuwa anasema na mimi. "Miguu imeingia. Umeona?"

Tangu msiba uanze hakuwa amelia. Anapika, anapokea wageni, anagombeza watu wa maturubai. Sasa chozi lake likadondoka shavuni kwangu. Ningeamkaje? Nikabana pumzi, nikawa Babu.

Ndipo akaingia mama mmoja kutoka Rulenge, amekuja kuchukua msalaba wa kaburi alioagiza.

"Yesu wangu! Pole sana, mama. Ni mwanao?"

"Hapana," Bibi akajibu, akili yote iko kwa Babu. "Ni mume wangu."

Nikahisi mtu ananiinamia usoni.

"Mmeishi pamoja muda gani?"

"Miaka hamsini na miwili."

Akaniinamia tena, karibu zaidi. (Mimi nina miaka ishirini na tisa.)

"Mama," yule mama akasema kwa heshima zote, "marehemu alijitunza."

Nilijaribu, jamani. Niliuma ulimi. Kicheko kikaanzia tumboni, jeneza likaanza kutikisika, kikanitokea puani kama filimbi. Nikafumbua macho nimwombe radhi, na neno la kwanza lililonijia mbele ya mtu mzima likawa:

"Shikamoo, mama."

Hakusema marahaba.

Alinyakua msalaba wake, akatoka nao mbio hadi stendi, akipiga kelele kwamba maiti imemsalimia. Nikakurupuka kumfuata nimweleweshe. Suruali ikanasa kwenye msumari, krrr! Nikatokeza barabarani bila viatu, kichwa cheupe kwa vumbi la mbao, suruali imechanika nyuma. Bodaboda zote zikawashwa kwa pamoja. Dereva mmoja tu alibaki, naye alibaki ili apige picha.

Sijavaa hata viatu, simu inaita. Mkuu wangu wa shule, kutoka Nyakanazi.

"Mwalimu, uko hai?"

"Niko hai, mkuu."

"Una hakika? Picha yako iko kwenye kundi la wazazi."

"Nina hakika, mkuu."

"Basi ngoja nifute ile rambirambi."

Kurudi ndani, namkuta Bibi amekaa kwenye kigoda, pindo la kitenge mdomoni, anacheka huku machozi yanamtoka. Sijui yalikuwa ya nini, nadhani ya vyote viwili. Yule mama naye akarudi polepole, akanishika pua kuhakikisha, kisha wakakumbatiana na Bibi kama waliosoma pamoja. Nikawamiminia chai yetu ya chupa.

"Fundi," Bibi akasema akijifuta uso, "tunachukua hilohilo."

Mazishi ni kesho saa nane mchana. Njooni wote mmlilie Babu. Mimi mniache, nimeshaliliwa.