Megapikseli Sitini na Moja na Sikio la Ng'ombe

Jumatatu, 2 Septemba

Wafula amepaka bango jipya. Herufi nyekundu, kubwa kupita adabu: STUDIO YA MEGAPIKSELI 45. Liko ng'ambo ya kijia, mkabala na mlango wangu, kwa hiyo hata nikipiga mswaki nalisoma. Langu limeandikwa tu OBONYO PICHA SAFI. Usafi hauna namba! Tangu asubuhi wateja wawili. Wa kwanza alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu, tai imenyooka, akaliona bango la Wafula dirishani, akainuka. Wa pili alikuwa anatafuta choo.

Kamera yangu ina megapikseli kumi. Kifuniko cha betri kinashikiliwa na plasta ya kidonda. Imenilisha miaka kumi na miwili, sitaki kuikufuru, lakini kumi!

Saa kumi akapita Mzee Oyugi wa Katito, amekuja hapa sokoni Kibuye kununua kofia. Jumamosi bintiye Debra analetewa ng'ombe wa mahari. Anataka mpiga picha. Akasema wazi: nikifanya vizuri siku ya ng'ombe, harusi ya Desemba ni yangu, kanisani na nyumbani. Nikiharibu, atavuka kijia. Akalitazama bango la Wafula alipokuwa anasema hivyo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kamera mpya iko njiani. Haikuwa njiani. Mdomo ulitangulia.

Jumanne, 3 Septemba

Dukani kwa Ouma, anayeuza kamera za mitumba pale mjini. Lornah, mke wangu, aliacha samaki wake wa kukaanga kwa jirani ili aje kunilinda. Maneno yake hayo, si yangu.

Kamera mbili. Moja ina megapikseli 24, lenzi mbili, betri ya akiba, memori kadi kubwa na mkoba. Nyingine ina megapikseli 61. Basi. Hakuna kingine. Hata kamba ya shingoni haina.

Ouma ni muuzaji wa ajabu, anapenda kusema ukweli. Alieleza kwamba hizo 61 ni za watu wanaochapisha picha kubwa kama ukuta, tena zinataka lenzi nzuri, mkono uliotulia, kadi kubwa na kompyuta yenye nguvu. Kati ya hayo manne sina hata moja, lakini nia ninayo. Lornah aliuliza swali moja tu: ipi inamwahi mtu akiwa anacheka? Ouma akaonyesha ile ya 24. Lornah akasema, haya Baba Sheryl, tumemaliza, twende nyumbani.

Wanawake! Hii ni hesabu ya darasa la tatu. Wafula ana 45. Ishirini na nne haiwezi kuishinda arobaini na tano. Sitini na moja inaishinda. Nikatoa kamera ya zamani na akiba yote, nikabaki na lenzi yangu ya zamani. Ouma aliiunganisha kwa pete ya chuma, akaniambia itabidi niizungushe kwa mkono mpaka picha itulie. Mkono ninao.

Lornah alitembea hatua kumi mbele yangu mpaka Kibuye. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 5 Septemba

Bango jipya! MEGAPIKSELI 61! Wafula alivuka kijia, akalisoma, akanipa mkono, akanipongeza. Halafu akaniuliza natumia kadi ya ukubwa gani. Jasusi huyo! Nikajifanya nafuta lenzi.

Nilimpiga Lornah picha ya majaribio. Kompyuta ilichukua muda kuifungua, nikamaliza chai na mandazi mawili. Ilipofunguka, Lornah aliona kovu la mafuta kwenye paji la uso, lile alilodhani limepona tangu Pasaka. Akaniomba niifute. Nikamwambia huo ndio ukweli wa megapikseli sitini na moja. Akasema basi jioni nitakula huo ukweli, samaki ameisha.

Jumamosi, 7 Septemba

Katito. Siku kubwa. Bwana harusi ni Waliaula, mwalimu wa shule ya msingi huko Kisian, kijana mpole, shati limeshamlowa jasho kabla jua halijapanda. Wafula naye yupo! Kumbe ni wa ukoo wa Waliaula. Amevaa suti, hana kamera, anatabasamu. Sikupenda lile tabasamu.

Ng'ombe ndio walioingia kwanza. Sita. Wazee wakawazunguka, wakawahesabu, wakawashika mikia, wakawahesabu tena kana kwamba wangeongezeka. Nami nikapiga. Ng'ombe wa mbele, wa nyuma, ng'ombe na wazee, wazee bila ng'ombe. Nilijisikia mtu.

Kisha nyimbo zikapanda, mlango wa nyumba ukafunguliwa, Debra akaanza kutoka. Kamera ikaandika: kadi imejaa. Picha mia na tatu tu, kadi imejaa!

Wafula aliona uso wangu. Akanisogelea polepole, akatoa kadi yake mfukoni, akaninong'oneza, "Omera, ndugu yangu, chukua hii, utanirudishia." Nikakataa. Nani asiyejua kadi ya adui ina virusi? Nikaendelea kuelekeza kamera na kubonyeza. Kwa kuwa haikulia, nikawa natoa mlio mwenyewe kwa ulimi. Mtoto mmoja akaniuliza mbona kamera yangu inatoa mate.

Lornah alikuwa amekuja kusaidia jikoni. Sijui aliona nini, akatoka na simu yake, akampiga picha Debra akitoka, Debra akicheza na nyanya yake, ambaye kila mtu humwita Dani, Debra akicheka. Simu yenye kioo kilichopasuka. Niliona aibu kwa niaba yake.

Jumapili, 8 Septemba

Nimetazama zote. Ee Mungu wangu. Wazee wametoka kama wametiwa ndani ya uji. Kila mkono wangu ulipotikisika kidogo, megapikseli sitini na moja zimeshuhudia.

Zote isipokuwa moja! Ng'ombe mwekundu, aliyesimama kimya akitafuna. Kila unywele unaonekana. Puani kuna nzi, na miguu ya nzi inahesabika. Nimepiga picha nyingi maishani, lakini hii ni kazi.

Lornah amemtumia Debra zile za simu. Debra amempigia kumshukuru, analia kwa furaha. Nimesikia yote, redio nilikuwa nimeipunguza sauti.

Jumanne, 10 Septemba

Mpango! Mzee Oyugi bado hajaona chochote. Kwa nini aanze na uji wakati nina ng'ombe? Nimemchapisha ng'ombe, upana kama mlango, nikambandika kwa gundi nje ya studio. Mtu anayetaka harusi aone kwanza uwezo.

Watu walijaa mpaka kijia kikaziba. Mwuza mitumba mmoja alisema anahisi harufu ya maziwa. Wafula alisimama pale kwa muda mrefu, akasema, kwa kweli ng'ombe huyu ametoka vizuri. Nilimwonea huruma kidogo.

Jumatano, 11 Septemba

Waliaula alikuja mbio kutoka Kisian, chaki bado mikononi. Akanivuta ndani, akafunga mlango. Akaniuliza kama nimesoma sikio. Sikio gani? La ng'ombe!

Tukatoka, tukasoma. Kwenye sikio kuna kile kibandiko cha njano cha kumtambua mnyama. Kinasomeka kama kitabu cha chekechea: NASWA, chini yake namba ya simu.

Akanieleza yote. Walikuwa wamekubaliana ng'ombe wanne. Wiki moja kabla ya siku yenyewe Mzee Oyugi akasema sita. Wawili wa kuongeza wako kwa mjomba wake Waliaula, watafika wiki ijayo. Kwa kuogopa aibu ya kuingia Katito na wanne, aliazima wawili kwa mfugaji aitwaye Naswa, awabadilishe baadaye bila mtu kujua. Mzee Oyugi akisoma sikio hilo, atasema ametapeliwa, na Debra hataolewa. Alisema jina la Debra kwa sauti iliyonichoma moyo. Nilimpenda kijana huyu. Nikamwambia aende akafundishe, aniachie mimi.

Ningeweza kuibandua picha. Lakini gundi imeshika, na ndiyo picha pekee niliyo nayo isiyo uji. Basi nimefikiria njia bora. Nimekata nyota ya karatasi nyekundu, nikaandika MEGAPIKSELI 61!, nikaibandika juu ya sikio. Siri imezikwa na tangazo limeongezeka.

Alhamisi, 12 Septemba

Mzee Oyugi amekuja kuona picha. Alipomwona ng'ombe wake upana wa mlango, alivua kofia mpya. Akaita wapita njia, akawaambia huyo ni wa kwake. Nilikuwa naiona Desemba kwa macho yangu.

Kisha akauliza kwa nini nimemfunika ng'ombe wake sikio. Je, anaumwa? Nikasema ni pambo. Akasema pambo huwekwa shingoni. Akaingiza ukucha chini ya nyota, akabandua, akavaa miwani. Akasoma. Akatoa simu palepale, akapiga, akaweka sauti ya juu.

Naswa alipokea kwa furaha. Aliuliza kama ng'ombe anakula vizuri. Akasema aliambiwa angerudishwa baada ya siku tatu nne, na tafadhali asipewe majani ya muhogo, tumbo lake halipatani nayo.

Mzee Oyugi hakuanguka, lakini Wafula alikuwa ameshavuka kijia na kiti. Mzee akakaa. Akasema kesho wote tufike kwake, na mimi nibebe hicho kidude changu. Waliaula nimempigia mara tano. Ya sita akapokea, nikakata. Sijawahi kujichukia kiasi hiki.

Ijumaa, 13 Septemba

Sebuleni kwa Mzee Oyugi, vitambaa vyeupe juu ya kila kiti, hakuna aliyeegemea. Mzee alizungumza muda mrefu. Alisema amekula chakula na watu walioazima heshima. Waliaula alisimama, akasema ni kweli, kosa ni lake peke yake. Nikataka kusema kosa ni langu, ila sikupewa nafasi.

Debra akasimama. "Baba, Naswa mimi ndiye niliyempigia." Akasema ana miaka thelathini na moja, na baba alipoongeza wawili aliona atazeeka akisubiri ndama wazaliwe. Akaenda akakaa karibu na Waliaula, mbele ya wazee wote.

Kisha Dani, mama yake Mzee Oyugi, akaanza kucheka mpaka akaomba maji. Akamkumbusha mwanawe kwamba yeye alikwenda kuoa na ng'ombe watatu, mmoja anachechemea, na wale wengine aliosema wako njiani, wako njiani hadi leo. Mzee Oyugi alitazama kofia yake. Mwishowe akasema mahari haiishi, wanne wanatosha kwa sasa, wa mjomba watapokewa wakifika, na Naswa arudishiwe ng'ombe wake kabla hajapiga tena. Nilifuta machozi kwa kitambaa cha kiti.

Harusi ipo! Picha atapiga Wafula. Lornah atamsaidia kwa simu, Debra mwenyewe ameomba. Mimi pia nimepewa kazi: wale wawili wa mjomba wakifika Jumatatu asubuhi, nisimame langoni nipige masikio yao. Mzee amesema kwa masikio haamini mtu mwingine.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimetafakari sana na nimelijua kosa. Megapikseli zilikuwa chache. Zingekuwa nyingi zaidi, namba ya Naswa ningeisoma palepale uwanjani na kunyamaza.

Lornah alinituma kwa Ouma nikabadilishane ile 61 kwa ile 24 na lenzi zake mbili. Ouma alikuwa ameshaiweka mezani. Alinifungia na mkoba. Nikamwuliza, kwa udadisi tu, kama duniani kuna kubwa zaidi. Ouma na ukweli wake, akanionyesha kwenye simu: 102. Mia moja na mbili! Iko Nairobi, inakuja bila lenzi, itafika baada ya wiki mbili. Ile 24 nimeiacha mezani, na ile 61 nimeitoa kama rubuni ya hiyo 102.

Jumatatu ndiyo hiyo, na langoni siwezi kusimama mikono mitupu. Nimevuka kijia. Wafula amekubali kuniazima ya kwake, hata hakuuliza sababu. Kwenye mkanda wa kamera ameandika jina lake kwa herufi kubwa, lakini nitalishika kwa kiganja. Mzee Oyugi hatajua.