Nilivyokwenda Kuomba Nifunguliwe Bustani

Mwenzenu leo nimejiaibisha. Tena kituo cha polisi. Tena nimejipeleka mwenyewe, nimevaa dera jipya na manukato juu.

Wiki mbili zilizopita shoga yetu mmoja alifunga ndoa hapa Guangzhou, tukaenda kupiga picha kwenye bustani iliyo karibu na ninapokaa, Xiaobei. Bwana harusi alipomshika bibi harusi mkono, nikapiga vigelegele. (Temeke nilikuwa naalikwa harusi za watu nisiowajua kwa ajili ya vigelegele vyangu, msinione hivi.) Wazee wa Kichina waliokuwa wakinyoosha viungo wakadhani mtu anauawa. Polisi wakaja, na gari la wagonjwa nyuma yao! Nikapewa karatasi: marufuku kukanyaga bustani ile siku thelathini.

Ningevumilia. Lakini Jumamosi hii Salma anapiga picha za mahafali humo humo. Salma ni binti wa jirani yangu wa Dar, anasoma chuo hapa kwa ufadhili. Mama yake hawezi kuja, amenisihi kwenye simu, "Simama mahali pangu." Sasa nisimame wapi, nje ya geti?

Karatasi ilisema naruhusiwa kuomba uamuzi uangaliwe upya. Salma akaniandikia barua, na leo asubuhi akanisindikiza kama mkalimani. Mlangoni akaniambia, "Anti, humo ndani naongea mimi. Wewe tabasamu tu."

"Kwani mimi mtoto?"

Tukamkuta afisa wa makamo, mpole, kikombe cha chai mezani. Nikamsalimia, "Laoban!" Salma akanifinya. (Laoban ni mwenye duka. Miaka sita nanunua mapazia mji huu, nikiona mtu nyuma ya meza ulimi unakwenda wenyewe.)

Afisa akauliza naomba nini hasa.

"Mwambie siku thelathini hazishikiki. Afanye kumi, tumalizane."

"Anti! Hii si bei!"

Sijui Salma alitafsiri nini, ila afisa akaisoma barua taratibu, kisha akauliza, "Ile sauti ni ya hatari?"

"Ya furaha," nikajibu.

"Na unaweza kuizuia?"

Nikaweka mkono kifuani. "Vizuri sana. Mimi mtu mzima."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua muhuri. Salma akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga, "Anti, wanaifuta marufuku. Utakuwepo."

Wallahi sikukusudia. Nilisikia tu kuna mtu anapiga vigelegele, virefu, vya Temeke kabisa. Nikageuka kumtafuta ni nani huyo asiye na adabu. Ni mimi.

Chai ikamwagika. Askari watatu wakaingia mbio, mmoja na ngao! Mzee aliyekuja kuripoti baiskeli yake imeibiwa akazama chini ya benchi. Na ule muhuri uko juu hewani, haujagusa karatasi.

Afisa akasema jambo. Salma akajifunika uso.

"Tafsiri!"

"Anasema kumbe waliolalamika hawakutia chumvi."

Jamani! Nilijua nimemharibia mtoto wa watu siku yake, na mama yake nitamwambia nini? Nikaomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kichina changu cha sokoni, mpaka kwa mikono. Afisa akamgeukia Salma, akamuuliza, "Hiyo furaha yote ni kwa ajili yako?"

"Ndiyo," Salma akasema, sasa analia kweli.

Afisa akaifuta chai kwenye barua kwa kiganja. Akaongeza mstari mmoja kwa kalamu. Akagonga muhuri, pa! Mimi nimejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Mstari wenyewe unasema: aingie, mradi awe kimya.

Basi Jumamosi nitakuwepo, mbele kabisa, mdomo nimeujaza maandazi. Nyie chekeni tu kwa sauti, hamna masharti.