Nukta ya Mulei Ithemboni

Jumatatu, 1 Septemba 1997. Tawa

Mwanangu Mulei anaoa. Habari za mvua baadaye. Jumamosi tunapeleka ntheo kwa Kasyoka, mama ya bibi harusi Mwende: wale mbuzi watatu, wakishaingia boma la msichana hakuna mwingine wa kumtazama. Kasyoka ametangaza nje ya kanisa kwamba mbuzi wangu ni wa mdomo tu. Wasipofika Jumamosi, kuna kijana mwenye duka Sultan Hamud ataleta wake Jumapili. Nimecheka. Nimelala vibaya.

Hajui nina nini. Mulei wangu ana leseni ya redio, si kila mama amezaa leseni. Ana kisanduku kinachouliza setilaiti za angani kiko wapi, halafu kinatangaza jibu hewani. Kwenye kompyuta aliyoniwekea sebuleni, juu ya ramani ya Tawa aliyoichora mwenyewe, inatokea nukta imeandikwa MULEI. Amekiacha hapa akarudi Nairobi. Aliniambia nisikiguse. Aliongea kama mtoto.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekitia kwenye kiondo, nikamfunga beberu mkubwa shingoni, nikamwita Kasyoka aone mbuzi wa mdomo wakitembea kwenye kioo. Nukta ikatoka bomani, ikapita soko, ikashika njia ya mto. Nikamwambia atazame mwendo, huyo ni mbuzi wa ukoo.

Kasyoka akauliza kama pale si ithembo. Ni pale. Kile kichaka cha mikuyu walipotambikia wazee wetu, hata kuni haziokotwi. Mnyama akiingia hafuatwi. Nukta ikaingia, ikatulia.

Akasoma polepole: MULEI. Akasema, mama Mulei, mbuzi ni wako, lakini jina ulilopeleka huko ni la mtoto. Na mbuzi wawili si ntheo. Chai hakumaliza.

Alhamisi, 4 Septemba

Beberu amerudi mwenyewe. Amenona. Hana kiondo. Mbwa wamemwangalia wakaingia chini ya ghala.

Nimempigia Mulei simu kutoka posta.  Amesema betri ile haimalizi siku, kwa hivyo nukta ilikufa Jumanne. Nikamwambia ndiyo, baba. Sikumwambia kwamba asubuhi nimeiona ikisogea.

Ijumaa, 5 Septemba

Mchana, jua kali. Nukta imetoka ithemboni. Inakuja pole pole, kama mtu mwenye goti baya. Marehemu mume wangu Muli alikuwa na goti baya. Ikavuka mto, si darajani, bali pale kwenye mawe alipopenda kuvukia yeye. Nikazima kompyuta. Nikawasha. Imekaribia zaidi.

Kuku wakanyamaza. Nukta ikaingia bomani, ikapita nyuma ya ghala, ikasimama kwenye kaburi lake.

Nimetoka. Hakuna mtu, hakuna nyayo. Kiondo kiko juu ya kaburi, kimekunjwa mdomo ndani, vile Muli alivyokuwa akikunja, na hakuna mwingine niliyemwona akikunja hivyo. Kisanduku kimekufa, baridi kama mtungi. Nimerudi ndani, nukta bado inapepesa.

Nikamwaga uji kidogo chini. Nikamwambia, umechelewa, lakini karibu.

Ijumaa, jioni

Nimemtumia Kasyoka habari yote. Amejibu kwamba mbuzi waje mapema, wote watatu, na tusiwaonyeshe njia ya kurudi. Amesema hakuna ntheo Tawa iliyowahi kusindikizwa na baba ya bwana harusi akiwa kaburini. Huyo mwenye duka atamleta nani?

Mulei amefika, ameshika kichwa. Amesema nisikiguse kisanduku tena maishani. Nimeitikia. Alipoingia kuoga nimekitia betri mpya na kumfunga mbuzi wa pili, nikamwelekeza mtoni. Mama mkwe wangu amezikwa ng'ambo ile, na sherehe alizipenda kuliko mwanawe.

Wali utatosha. Wote wanangojewa kesho, Jumamosi.