Kibanda cha Pili Kutoka Kushoto

Jumamosi, 3 Mei

Mama Haika ametua! Wiki tatu kamili. Nimemwamkia shikamoo mara mbili, moja mlangoni na moja alipokaa, asije akasema ya kwanza hakuisikia. Ameitikia marahaba zote mbili huku akimtazama Nickson.

Ndiyo, Nickson. Nilimkuta keshakaa kwenye kochi la Haika kama amezaliwa hapo. Mfamasia. Ana gari. Anavaa tai hata Jumamosi! Watu wetu wote hapa Barking, London, wanajua kilichomleta Mama: anataka kumwona kwa macho yake atakayemuoa binti yake. Barua yangu ya posa iko kwenye droo tangu Januari. Ya Nickson sijui iko wapi, na hilo linaninyima raha.

Nickson akajitolea kumpeleka Mama kwenye kasri la mfalme. Mama akasema asante mwanangu, lakini yeye anachotaka ni kimoja tu. Anataka kuingia kwenye kile kibanda chekundu cha simu na kumpigia mdogo wake Adelina, aliyeko nyumbani Machame. Nickson akauliza kama vibanda vile bado vinafanya kazi. Mungu ambariki kwa swali hilo! Nikadakia. Nikasema vinafanya kazi vizuri mno, ile ni alama ya taifa, na taifa haliwezi kuweka alama mbovu. Nikasema navijua vyote, na Jumatano nitampeleka mwenyewe.

Mama akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema anapenda mkwe ambaye akisema jambo, linakuwa.

Haika akanikanyaga mguu. Sijaelewa alimaanisha nini.

Miaka tisa niko London. Nimeingia kibanda kimoja tu, siku ya mvua, na harufu ikanirudisha kwenye mvua.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya ibada nikaenda moja kwa moja kwa Yogesh. Ana duka la viungo karibu na stesheni. Amezaliwa Mwanza, na Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Nilimuuliza kuhusu vibanda vya simu, akacheka mpaka akakalia gunia la mchele.

Kisha akanipa historia. Karibu miaka mia iliyopita walishindanisha michoro ya kibanda. Aliyeshinda, wanasema, umbo la paa alilitoa kwenye kaburi moja la zamani katika uwanja wa kanisa. Kaburi! Juu ya paa wakaweka taji. Wakapaka nyekundu, na watu wakanung'unika. Vijijini wengine waliomba vyao vipakwe kijivu. Baadaye ilipoamuliwa vibanda ving'olewe, watu wale wale wakaja juu kuvitetea. Sasa vingine vinalindwa na sheria, na wapigaji hawaonekani.

Nimeyaandika haya, nimeyasoma tena, bado sielewi. Kilipofanya kazi walikikataa. Kilipoacha kazi wakakipenda. Na sisi marehemu tunamsifu akishakufa, lakini hatumwachi barabarani.

Nilimuuliza Yogesh nifanye nini. Akanishauri nimwambie Mama ukweli. Nikanunua bizari nikaondoka.

Jumatatu, 5 Mei

Sikukuu ya mabenki, nchi nzima imepumzika, nami sina kazi. Nimezunguka mji mzima kutafuta kibanda kizima.

Kibanda cha kwanza kimejaa vitabu. Bibi mmoja akanieleza kwamba nichukue kimoja na niache kimoja. Sikuwa na kitabu. Akanisubiri. Nikaacha ratiba ya ibada ya jana, nimerudi na kitabu cha kupogoa mawaridi.

Cha pili kina mashine ya kushtua moyo uliosimama. Nilikaribia kuihitaji.

Cha tatu kina kijana anayeuza kahawa. Akaniuliza ninataka nini. Nikamwambia nataka kupiga simu Machame. Akauliza na maziwa au bila maziwa.

Nikaishia karibu na bunge, penye saa kubwa. Hapo vimepangana vinne, vimepakwa rangi mpya, vinang'aa! Foleni ya watalii hadi kona. Nilipanga foleni kwa dakika arobaini, nikapiga picha za maharusi watatu walionikabidhi simu zao bila kuniuliza jina, hatimaye nikaingia kibanda cha mwisho kulia. Mkonga wa simu upo. Waya umekatwa. Vingine sikuvijaribu. Vya nini? Vyote vimetoka kiwanda kimoja.

Watu wanavuka bahari kuja kupigwa picha wameshika simu isiyoongea, na wanatabasamu kama kuna mtu upande wa pili. Nimechoka akili.

Jumanne, 6 Mei

Mpango umepatikana! Kwa nini nisiwe waziri?

Mama ataingia kibandani na mkonga sikioni. Mimi nitasimama nyuma yake na simu yangu ya mkononi kwenye mfuko wa ndani wa koti. Yeye akibonyeza namba, mimi nabonyeza yangu. Adelina atatokea kifuani kwangu. Kibanda ni chembamba, Mama hatajua sauti imetoka wapi. Namba ya Adelina nimeichukua kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji la Haika, nikaihifadhi kwa jina lake.

Nimefanya mazoezi ndani ya kabati la nguo, maana upana ni ule ule. Sufian, ninayepanga naye nyumba, akafungua kutafuta pasi. Akanikuta nimesimama kati ya mashati nikisema haloo Machame, haloo. Akafunga polepole. Baadaye nilimsikia akimweleza mama yake kwa simu kule Pemba kwamba baridi ya nchi hii si ya mchezo.

Jumatano, 7 Mei

Naandika kabla sijavua koti.

Nickson alitupeleka kwa gari. Sikumwalika! Kwenye foleni nikaona nimzidi kwa elimu, nikamsimulia Mama historia yote. Nilipofika kwenye kaburi nikanogesha, nikasema anayeingia humu anaingia kwenye nyumba ya wafu. Mama akafungua Biblia yake, akatoa kadi ya posta iliyopauka. Vibanda vinne, saa kubwa nyuma, na kimoja kimewekwa alama ya kalamu.

Nikamwongoza kwenda kibanda cha kulia. Akakataa. Akaenda cha pili kutoka kushoto, huku akihesabu kwa kidole.

Tukaingia, yeye na mimi na koti langu. Akafuta kioo kwa kitambaa. Akainua mkonga. Nikasikia mlio! Simu ilikuwa hai! Akatumbukiza sarafu, akabonyeza namba, na kidole changu, ambacho kilikuwa kimefundishwa kabatini, kikabonyeza simu yangu.

Mama akasema namba inatumika. Wakati huo huo kifua changu kikasema haloo, nani mwenzangu? Mama akageuka. Nikasema ni tumbo. Nikakata.

Akapiga tena. Ikaita mara moja, akarudisha mkonga mahali pake. Nikashtuka, nikamuuliza mbona amekata. Akanishangaa. Amembipu, akasema. Walikubaliana kabla hajasafiri: akibipu kutoka kibandani, Adelina atapiga. Nikamweleza kwamba hapa London watu hawabipu kutoka vibandani. Akasema Adelina hayuko London.

Ikabidi tusubiri. Nje foleni ikaanza kunung'unika. Mama akashika mlango kwa ndani. Nickson akatuashiria kwamba askari wa maegesho amefika kwenye gari lake, akakimbia, hakuonekana tena. Nilitaka kufurahi lakini mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Kisha simu ikaita. Kwenye koti langu! Adelina alikuwa amerudisha simu kwenye namba ya kwanza iliyompigia. Mama akaingiza mkono kwenye koti kama anatoa kitu chake. Akasoma jina kwenye kioo cha simu. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tangu darasa la nne. Akapokea, akamwambia Adelina akate, huyo ni Cosmas tu, apige ile namba nyingine.

Huyo ni Cosmas tu!

Tukasubiri tena. Hapo ndipo aliponieleza, bila hasira, akiwa amekitazama kioo. Mwaka themanini na saba kaka yao Elinaja alikuwa akisoma huku. Aliwaandikia siku na saa atakayopiga, akatuma kadi yenye alama ya kibanda atakachosimama. Familia nzima ikashuka hadi ofisi ya Posta na Simu, Moshi. Akaongea baba yao, akaongea mama yao, akaongea Adelina. Zamu ya Mama Haika ilipofika, laini ikakatika. Aliushika mkonga mpaka karani akamnyang'anya. Mwaka uliofuata Elinaja aliletwa kuzikwa. Aliugua huku huku.

Na mimi nilikuwa nimemwambia nini kwenye foleni? Nyumba ya wafu! Nilitamani sakafu ifunguke. Nikaomba radhi. Akasema usijali mwanangu, ndiyo maana nimekuja.

Simu ya kibanda ikaita.

Mama hakuipokea haraka. Ikaita mara tatu. Kisha akainua na kusema haloo kwa sauti ya binti. Wote wawili wakalia. Halafu Mama akasema: Elinaja alisimama hapa, na mimi nimesimama hapa. Akamwambia Adelina kuna saa kubwa, na kioo kina mkwaruzo, na watu nje ni wengi. Kila alichokiona alikitaja, kana kwamba anamaliza mazungumzo ya mtu mwingine.

Nami nililia. Sababu nyingine ni mguu.

Tulipotoka, watalii walipiga makofi. Sijui walidhani wameona nini.

Alhamisi, 8 Mei

Hukumu. Haika amenipigia mchana kutoka hospitalini anakofanya kazi ya uuguzi. Mama amesema Nickson ni dereva mzuri. Mimi ni mwongo. Moyo wangu ukasimama, nikaikumbuka ile mashine! Lakini, akasema Haika, Mama ameongeza kwamba mwongo huyo hakukimbia, alibanwa pamoja naye kibandani mpaka simu ikaita, na mtu wa hivyo anaweza kurekebishwa. Nilete barua ya posa kwa utaratibu, na mshenga mwenye akili. Sharti ni moja. Mpaka siku atakaporudi nyumbani, nisiseme uongo hata mmoja. Siku kumi na sita.

Haika akaniuliza taratibu kama nitaweza. Nikamwambia swali gani hilo, mimi nimebadilika kabisa, kibanda kile kimenifundisha.

Jioni nikapeleka barua, mshenga nitamtafuta baadaye. Nimevaa tai! Mama akaipokea kwa mikono miwili. Nimeshinda! Akanikaribisha chai, tukakaa vizuri, tukamzungumzia marehemu. Akasema Elinaja alipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kiingereza aliyemtunza kama mwanawe, na anasikitika kwamba hawakuwahi kumjua wala kumshukuru. Macho yakamjaa machozi. Nikashindwa kuvumilia. Nikasikia mtu akisema kwamba bibi huyo anamfahamu sana, bado yu hai, huwa wanasalimiana, na atamleta Jumamosi ale wali. Mtu huyo alikuwa mimi.

Mama akanikumbatia. Haika akatoka sebuleni.

Leo ni Alhamisi. Ninahitaji bibi wa Kiingereza kufikia keshokutwa.